Sura Iliyo Juu ya Barua Zetu

Katika shule ya misheni niliyosoma palikuwa na kasha dogo la mbao lililowekwa kando ya mlango wa ofisi, na juu yake limekatwa tundu kama la sanduku la sadaka. Kila zilipofika barua kutoka kwa wazazi wetu, tulikata ile pembe ya bahasha yenye stempu na kuitumbukiza humo. Tuliambiwa kwamba stempu hizo hupelekwa Ulaya kwa faida ya misheni, nasi hatukuuliza zaidi. Mwenzetu mmoja, aliyejiona mwerevu kuliko sisi sote, alishikilia kwamba Wazungu hufuta muhuri wakazitumia tena. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba stempu za namna hiyo hupimwa kwa kilo na kuuzwa kwa wafanyabiashara, nao huzichambua na kuziuza tena moja moja kwa watu wenye kuzikusanya.

Sina kinyongo na kasha lile. Huenda fedha zake ndizo zilizonunua vitabu tulivyosomea. Linalonisumbua mpaka leo ni kwamba katika darasa zima la watoto wenye akili zao timamu hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba kile kitu tulichokilamba kwa ulimi na kukigandamiza kwa ngumi juu ya bahasha kilikuwa mali. Na kama hatukujua kuwa ni mali, tungewezaje kuuliza ni mali ya nani, na nani aliyechagua picha iliyo juu yake?

Ndugu msomaji, Masihi alipoletewa dinari alitaka kwanza kujua sura iliyopigwa juu yake ni ya nani. Swali hilo laweza kuulizwa vilevile juu ya stempu, na mtu akifuatana na majibu yake mwaka kwa mwaka atakuwa amepitia sehemu kubwa ya habari za nchi hizi.

Stempu ya kwanza duniani ilitolewa Uingereza mwezi Mei, 1840. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyelipa gharama ya barua ni yule aliyeipokea, na gharama yenyewe ilihesabiwa kwa umbali, hata maskini akawa anaogopa kugongewa mlango na tarishi. Bwana Rowland Hill akatoa shauri kwamba mwenye kupeleka ndiye alipe kwanza, peni moja tu kwa barua isiyozidi nusu aunsi, iwe inakwenda mtaa wa pili au ncha ya pili ya nchi. Ushahidi wa malipo hayo ukawa kipande cheusi cha karatasi chenye sura ya Malkia Victoria. Jina la nchi halikuandikwa, na hata leo stempu za Uingereza hazina jina la nchi; sura ya mwenye kiti cha enzi yatosha. Naomba msomaji aliweke moyoni jambo moja tutakalolirudia baadaye: stempu ni stakabadhi ya kazi iliyolipiwa kabla haijafanywa.

Desturi hiyo ilitufikia pamoja na bendera za wageni, na mwanzo wake huku kwetu wachekesha. Stempu za kwanza za Uganda, mwaka 1895, zilipigwa kwa taipu huko Mengo na mmisionari aitwaye Ernest Millar, na bei yake iliandikwa kwa kauri, kwa kuwa kauri ndizo zilizokuwa fedha ya watu, mia mbili kwa rupia moja. Vipande vile vya karatasi, vilivyokatwa kwa mkono, leo vinatafutwa na matajiri wa dunia. Mimi navipenda kwa sababu nyingine. Bei yake yaonyesha kwamba mgeni, hata akiwa na taipu na bunduki nyuma yake, alilazimika kuhesabu kwa hesabu ya mwenyeji. Na Waganda mpaka leo neno lao la fedha ni lile lile la kauri: ensimbi.

Wajerumani hawakuwa na simile ya namna hiyo. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini stempu zao zilikuwa na picha ya merikebu ya starehe ya Kaizari wao, iitwayo Hohenzollern, na picha ile ile ikabandikwa Bagamoyo, Kameruni na Samoa, likibadilishwa jina la koloni tu. Kwa mtazamo wa Berlin sote tulikuwa gati moja la kutia nanga. Wakati watu wa kusini walipokuwa wakifa katika vita vya Maji Maji, barua zilizopeleka habari hizo Ulaya zilipambwa kwa chombo cha kutalii.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipowazingira Wajerumani, na manowari za Waingereza zikafunga pwani, stempu ziliwaishia. Mwaka 1916 wakachapisha nyingine katika mtambo wa misheni ya Vuga, huko Usambara. Lakini meli moja ilipenya ikaleta shehena kutoka kwao, na stempu za Vuga zikawa hazina kazi, zikafukiwa ardhini. Baada ya vita zilifukuliwa zikauzwa kwa wakusanyaji Ujerumani. Zilichapwa katika ardhi ya Tanganyika, zikazikwa katika ardhi ya Tanganyika, na fedha zake zikahesabiwa Ulaya. Hatutaona mfano wa wazi kuliko huo, ingawa tutaona mingine inayofanana nao.

Walipokuja Waingereza, kwanza walipiga herufi G.E.A. juu ya stempu walizokuwa nazo, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hata jina la nchi hawakuwa wamelichagua bado. Kisha mwaka 1922 ikatolewa stempu ambayo mpaka leo huifurahia kila niionapo: kichwa cha twiga na neno Tanganyika, bila mfalme yeyote. Kwa miaka mitano twiga alitawala peke yake juu ya barua zetu. Mwaka 1927 Mfalme George wa Tano akachukua nafasi yake, lakini chini ya utawala huo liliandikwa kwa Kiingereza tamko zito, kwamba Tanganyika ni nchi iliyo chini ya udhamini.

Wengi waliotumia stempu zile hawakuweza kusoma maneno hayo. Aliyeweza kuyasoma alikuwa ameshika mkononi hati ndogo yenye kukiri kwamba nchi hii haikuwa mali ya Mwingereza, bali alikabidhiwa tu. Basi tazama yaliyofuata. Mwaka 1933 idara za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na mwaka 1935 zikatoka stempu za pamoja zenye majina matatu, sura ya mfalme, na picha za korongo, simba, jahazi la Ziwa Victoria na Mlima Kilimanjaro. Zilikuwa nzuri kupita zote zilizotangulia. Lakini maneno ya udhamini yalikuwa yametoweka. Sisemi kwamba palikuwa na hila mezani kwa mchoraji. Nasema tu kwamba neno lililofutika kwenye karatasi ndilo Mwalimu Nyerere alilokwenda kulidai mwezi Machi, 1955, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York.

Miaka mitatu baadaye posta ilitupatia somo jingine. Mwezi Julai, 1958, zilitolewa stempu mbili, ya senti arobaini na ya shilingi moja na senti thelathini, kuadhimisha miaka mia moja tangu Burton na Speke walipoyagundua Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Kuyagundua! Kana kwamba wavuvi wa Ujiji walikuwa wakitupa nyavu zao mahali pasipojulikana, na Wasukuma walikuwa wakichota maji wasiyoyaona. Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na wageni hao na kuwa mkalimani wao, hakuadhimishwa. Mwaka ule ule, mwezi Januari, wajumbe wa TANU walikuwa wamekata shauri Tabora kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, na kufikia Septemba watu walikuwa katika mistari ya kupiga kura. Bila shaka baadhi ya barua za chama zilizopeleka habari za uchaguzi huo zilisafiri zikiwa zimebandikwa pongezi kwa Burton na Speke.

Ghana ilikuwa imetutangulia. Siku ya uhuru wake, tarehe 6 Machi, 1957, stempu zake zilitoka na sura ya Kwame Nkrumah, na magazeti ya Uingereza yakapiga kelele kwamba huyu bwana anajitukuza. Nkrumah aliwajibu katika gazeti lao wenyewe: wengi wa watu wake hawajui kusoma, kwa hiyo inabidi waonyeshwe kwa alama kwamba sasa wako huru. Mtu aweza kubishana na Nkrumah katika mengi, nami mwenyewe sipendi mtindo wa kubandika sura ya kiongozi aliye hai kila mahali. Lakini katika hoja hiyo alisema kweli. Mkulima wa kakao ambaye hajawahi kuona katiba aliona stempu.

Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba, 1961, ilijibu swali la sura kwa namna yake, nami naona jibu hilo lilikuwa bora. Katika stempu za siku ile alikuwamo mwalimu na wanafunzi wake. Alikuwamo muuguzi na mtoto mchanga. Walikuwamo watu wanaochuma kahawa na wanaovuna mahindi. Na palikuwa na mwenge juu ya Kilimanjaro. Katika thamani kadhaa, kazi fulani ilipewa heshima. Mahali alipokuwa mfalme, akaingia mtu anayefanya kazi. Sura ya Rais Nyerere ilikuja mwaka mmoja baadaye, ilipozaliwa Jamhuri.

Unguja mambo yalikwenda kwa haraka zaidi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, hapakuwa na stempu mpya, na barua hazingoji. Zikachukuliwa zile zilizokuwapo, zenye sura ya Sultani Abdulla ambaye alikuwa ameshafariki mwaka 1963, zikapigwa kwa muhuri wa mpira, kwa mkono, moja baada ya moja: JAMHURI 1964. Baadaye kazi hiyo ilifanywa kwa mtambo wa kupigia chapa, na mwezi Juni zikatoka stempu mpya zilizochapwa Leipzig, zenye picha kama ile ya mtu akivunja minyororo. Lakini kwangu mimi hakuna stempu katika Afrika Mashariki nzima ishindayo zile za muhuri wa mpira. Nyingine zimepigwa kombo, nyingine wino umezidi, nyingine wino umekauka. Katika karatasi yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba mtu aona utawala mmoja na mwingine juu yake, na mkono wa karani aliyekuwa na haraka. Kwa sababu ya kasoro hizo hizo, wakusanyaji wanazigombania.

Na hapa ndipo yatupasa kuzungumza habari ya fedha.

Nilisema kwamba stempu ni stakabadhi ya kazi iliyolipiwa kabla haijafanywa. Mtu akinunua stempu akaibandika kwenye barua, posta itamtafutia gari, tarishi na sanduku, na fedha zake zitatumika. Lakini mtu wa Hamburg au Osaka akinunua stempu yetu akaiweka katika albamu yake, hatadai kazi hiyo kamwe. Tumeuza kipande cha karatasi kilichotugharimu wino na uchapaji tu, na kilichobaki ni faida. Kwa nchi inayohitaji fedha za kigeni, biashara hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini kama inavyoangaliwa kahawa na katani. Liechtenstein, nchi ndogo ambayo raia wake wote wangetosha katika mji mmoja wa wilaya, ilifanya stempu kuwa chanzo mashuhuri cha mapato ya serikali.

Msomaji asidhani ni mchezo wa watoto. Mwaka 1856, huko Guiana ya Kiingereza, ambayo sasa ni Guyana, stempu kutoka London zilichelewa, na posta ikaomba msaada kwa wachapaji wa gazeti la mahali pale. Stempu moja ya senti moja iliyochapwa siku zile ndiyo pekee ijulikanayo kusalia, na mwaka 2014 iliuzwa kwa dola za Kimarekani zipatazo milioni tisa na nusu. Tunaofanya kazi ya magazeti tukisikia habari hiyo hutazama mitambo yetu kwa jicho jingine.

Penye faida hapakosi dalali. Tangu siku za uhuru wa Ghana walijitokeza mawakala huko New York waliojitolea kuzifanyia nchi changa kazi yote: kubuni, kuchapa, kutangaza na kuuza, kisha nchi ipewe fungu lake. Kwa serikali yenye shule za kujenga na madaktari wa kutafuta, pendekezo hilo lilikuwa na utamu. Lakini wakala hufuata soko, na soko halipo Kigoma. Mnunuzi wa ng'ambo hupenda picha za kwao. Hivyo polepole majina ya mataifa ya Afrika yakaanza kuonekana chini ya sura za waimbaji na wachezaji filamu wa Marekani, na chini ya harusi na siku za kuzaliwa za jamaa ya kifalme ya Uingereza.

Tusiwanyoshee wengine kidole. Mwaka 1985 Tanzania yetu, miaka ishirini na minne baada ya mwenge kupandishwa Kilimanjaro, ilitoa stempu nne kumsherehekea mama yake Malkia wa Uingereza kutimiza umri wa miaka themanini na mitano. Simchukii bibi kizee yule. Kila mzee na apewe heshima yake. Ila nakumbuka kwamba mwaka ule mama zetu wengi waliotimiza umri huo walikuwa wamepanga foleni ya sukari, na hakuna aliyewachora. Toka hapo hadi miaka ya tisini stempu zilizotolewa kwa jina letu zilikuwa nyingi mno, hata mtu aliyezaliwa na kukulia hapa hajapata kuona nyingi za hizo katika dirisha la posta yoyote. Zilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege za masafa marefu.

Hasara yake ni mbili, na zafuatana. Kwanza, mkusanyaji si mjinga: akiona nchi inatoa stempu kama mvua, huacha kuzithamini zote, pamoja na zile nzuri. Pili, panapokuwa na vurugu namna hiyo, walaghai hupata nafasi. Stempu bandia zimechapwa kwa majina ya nchi mbalimbali za Afrika bila posta zenyewe kujua, mpaka Umoja wa Posta Duniani ukaanzisha mwaka 2002 utaratibu wa kuzipa namba na kuzionyesha hadharani stempu zilizotolewa kwa idhini ya nchi zenyewe.

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa dola. Tulikuwa na kitu tukakiacha kipotee. Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania ziliendelea kutoa baadhi ya stempu kwa pamoja, na majina yalipangwa kwa zamu: leo Kenya mbele, kesho Uganda, kesho kutwa Tanzania, ili asiwepo mkubwa. Mtu wa Bukoba aliweza kubandika stempu yenye majina yote matatu na barua ikafika Kisumu. Mwezi Oktoba, 1976, zilitoka za usafiri wa reli, na mojawapo ilikuwa ya reli ya Tanzania na Zambia. Kwa wafanyakazi waliotandika mataruma kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi hiyo ilikuwa heshima yao. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika, na majina yale matatu hayakukaa tena pamoja kama zamani. Leo Jumuiya imefufuka na ina wanachama wengi kuliko watatu, lakini barua zake kila mmoja abandika yake.

Najua nitakaloulizwa: katika siku hizi za simu za mkononi, ni nani aandikaye barua? Ni wachache, nakubali. Lakini hoja hiyo yaniunga mkono. Barua zikipungua, stempu yazidi kuwa kitu cha kutunzwa na kuuzwa, na swali la nani achoraye na nani apokeaye fedha lazidi uzito. Shirika la Posta lililoundwa mwaka 1994 ni mali ya umma. Basi umma uambiwe kila mwaka zimetolewa stempu gani, ngapi zimechapwa, zimeuzwa wapi na zimeleta nini. Wachoraji wetu, ambao kazi zao watalii huzibeba katika mizigo kila siku, washindanishwe kwa haki kabla picha haijaletwa kutoka mbali. Na zitolewe chache, ili kila moja iwe na sababu ya kuwapo. Wavuvi wa Ujiji bado wanangoja zamu yao.

Mwezi uliopita nilikwenda katika posta moja, ambayo sitaitaja, kupeleka barua kwa mama yangu kijijini. Binti wa dirishani alitaka kuipiga muhuri wa mashine. Nikamwomba stempu. Alinitazama kama nimeomba kibatari, akaingia ndani, akakaa, akarudi na karatasi iliyokunjika pembe, yenye picha ya ndege wa porini. Nikailamba, nikaipiga ngumi kama zamani. Siku kumi baadaye mama alinipigia simu kusema barua imefika salama, ila bahasha haina pembe moja, kwa maana mjukuu wake ameikata na kuificha ndani ya daftari la hesabu, naye hataki kumwonyesha mtu.